Kuluna: neno nililoandika kwenye daftari

Mimi ni mfanyakazi wa vijana hapa katika makazi yetu ya wakimbizi, kusini magharibi mwa Uganda. Kazi yangu si kubwa. Nafundisha mpira, nasimamia kikundi cha maigizo kila Jumamosi, na kwa sababu nilimaliza sekondari na ninaandika haraka, kukiwa na mkutano naitwa kuandika. Katika mkutano mmoja niliandika neno moja ambalo mpaka leo, mwaka wa pili sasa, linanisumbua. Neno hilo ni kuluna.

Mkutano uliitishwa kwa sababu ya mama mmoja anayeuza ndagala. Alikuwa anatoka sokoni saa moja jioni, giza limeanza kuingia. Akavamiwa karibu na mashamba ya mahindi, akanyang'anywa simu na pesa za siku nzima, na alipong'ang'ania mkoba wake akakatwa panga mkono wa kushoto. Vidole viwili vya mkono ule havikunji tena. Nasema hili mwanzoni kabisa ili ndugu msomaji usije ukafikiri nimekuja hapa kutetea wezi. Mimi nilikuwa kati ya waliompandisha kwenye bodaboda kumpeleka kituo cha afya. Nilirudi nyumbani na damu yake kwenye shati.

Kesho yake watu walijaa chini ya mti karibu na bomba la maji. Mwenyekiti wetu alikuwepo, wazee wa vijiji walikuwepo, na maafande wawili pia. Watu walikuwa na hasira, na hasira yao ilikuwa ya haki. Baba mmoja akasimama akapaza sauti: "Hii ni kazi ya bakuluna! Tulibakimbia kule, sasa biko hapa!" Watu wakapiga makofi. Afande akanigeukia, maana mimi ndiye niliyekuwa namtafsiria pale Kiswahili chetu kilipomshinda, akauliza, "Kuluna ni nini?"

Nikajibu bila kufikiri. "Ni genge la vijana wa mapanga, afande. Kule Kongo ndivyo wanavyoitwa."

Basi, nilisema hayo tu. Afande akatikisa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa anatafuta. "Kwa hiyo mnao hapa. Nipeni majina."

Majina yalitoka haraka sana. Kwanza wakatajwa vijana wanaokaa kwenye kibanda cha video. Halafu yule aliyerudi kutoka Kampala na nywele za kusuka, yule anayevuta bangi, na yule aliyemjibu mzee vibaya siku ya kugawa chakula. Niliandika majina saba. Juu ya ukurasa, kwa herufi kubwa, nikaandika KULUNA, nikapiga mstari chini yake mara mbili ili ionekane ni kichwa cha habari.

Jina la tatu lilikuwa la kijana wa timu yangu, winga wangu wa kulia. Jina lake silitaji, hapa nitamwita Mdogo. Lilipotajwa, kalamu yangu ilisimama kidogo. Nilijiambia: kama hana kosa, ataachiwa. Nikaandika.

Usiku wa pili walichukuliwa vijana wanne, Mdogo akiwemo. Alikuwa na miaka 17. Asubuhi jua halijatoka, mama yake alikuwa mlangoni kwangu, kitenge amejifunga vibaya kama mtu aliyevaa gizani.

"Papa," akaniambia, "njo weye uliandika jina ya mutoto yangu?"

"Mama, watu ndio walisema. Mimi niliandika tu."

"Balisema alifanya nini?"

Nikafungua daftari mbele yake, maana nilitaka kumwonyesha kwamba sikutunga kitu. Kulikuwa na jina la mtoto wake, jina la kijiji, na juu kabisa lile neno. Hakukuwa na kitu kingine. Niligeuza ukurasa, nikarudi tena, kana kwamba maneno mengine yangejitokeza.

"Hawakusema alifanya nini, mama."

"Sasa weye uliandika nini?"

Sikuwa na jibu. Alikaa kidogo akiniangalia, akaenda.

Mdogo alirudi baada ya siku tisa. Hakushtakiwa kwa lolote. Alirudi akichechemea mguu wa kulia. Sikumuuliza, naye hakusema. Wiki kadhaa alipita mbali na uwanja. Halafu siku moja jioni, wenzake wakiwa wanacheza, alikuja akakaa karibu nami nje ya mstari, akavuta majani na kuyakatakata.

"Yaya," akasema, "ile kuluna ni nini? Kila siku walikuwa wananiita hivyo. Mi nilifikiri ni kabila."

Nilitaka kucheka, kicheko kikanikwama. Mdogo alizaliwa Fizi, Kivu ya Kusini. Alifika hapa na miaka sita, mgongoni mwa dada yake. Kutoka hapa tulipo, Nairobi ni karibu kuliko Kinshasa. Alikaa siku tisa ndani kwa neno la mji ambao hajawahi kuuona, na aliyemwandikia neno hilo ni mimi, ambaye pia nilikuwa nimelisikia tu kwenye redio, kwenye nyimbo na kwenye video za simu. Nilimwambia, "Nipe siku chache nitakujibu."

Hapa kwetu kuna mzee mmoja, fundi wa magari, ambaye si mtu wa mashariki. Ni wa Kikwit. Alikuja Bukavu kwa kazi, akaoa huko, vita vikamleta hapa kama sisi wote. Kiswahili chake kina Lingala nyingi ndani. Nilimpelekea sukari nusu kilo, nikakaa kwenye stuli yake, nikamuuliza kuluna ni nini. Alicheka kwanza.

"Mwana, unauliza kuluna? Kuluna ya kwanza ilikuwa sisi."

Akanieleza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nchi ikiitwa bado Zaire, pesa ilikuwa imekufa. Mtu alilipwa mshahara, na ukifika mwisho wa wiki haununui hata kilo ya mchele. Ng'ambo ya mpaka, kwenye jimbo la Lunda Norte huko Angola, kulikuwa na almasi. Vijana wa Kikwit, wa Kahemba, hata wa Kinshasa, wakaanza kwenda. Angola ilikuwa kwenye vita vilivyoanza 1975 na havikwisha mpaka 2002, mwaka aliouawa Jonas Savimbi. Sehemu kubwa ya machimbo ilikuwa mikononi mwa waasi wake, UNITA. Hukuweza kwenda peke yako. Mlikwenda kwa kundi, mtu nyuma ya mtu, mizigo kichwani, mbele yenu kiongozi anayejua njia, mkijificha mchana na kutembea usiku. Angola ni nchi ya Kireno, na kwa Kireno safu au msafara wa askari ni coluna. Wakongo wakalichukua neno hilo wakalisema kwa mdomo wao: kuluna. Waliochunguza asili yake nao wanalirudisha kwenye Kireno hicho hicho.

"Kwa hiyo kuluna ilikuwa safari?" nikauliza.

"Ilikuwa mstari wa watu wenye njaa," akasema mzee. "Wengine walikanyaga mabomu. Waliorudi na dola, Kinshasa waliwaita bana Lunda, watoto wa Lunda. Wasichana walituimbia, mwana. Hakuna aliyetuita wahalifu."

Basi neno hili lenyewe lilivuka mpaka. Lilitoka kwa askari wa nchi nyingine, likabebwa na watu waliotoka kwao kutafuta maisha, likarudi nao nyumbani. Baadaye, kwenye miaka ya 2000, Kinshasa ikaona kitu kingine. Vijana wa mitaa kama Masina, Ndjili, Kimbanseke na Selembao walianza kutembea kwa makundi, mapanga mkononi, wakipigana kundi kwa kundi na kupora wapita njia. Wengi walitoka kwenye vilabu vya kupigana, vya judo na ndondi, ambako kijana mwenye misuli alipata heshima ambayo shule na kazi havikumpa. Mji ukawapa lile neno la msafara wa askari. Tangu hapo kuluna ni kijana wa panga, wingi wao ni bakuluna.

Mzee hakunidanganya kuhusu ubaya wao. Binti yake aliyebaki Kinshasa alikatwa shingoni akitoka kuuza mikate. Walitaka simu yake. Alipona, ila kovu analifunika na kitambaa mpaka leo. "Kuluna si hadithi," mzee akasema. "Mtu akikuambia bakuluna hawapo, muulize kama ana binti."

Lakini Kinshasa haikuanza jana kuwapa majina vijana wake. Miaka ya 1950, mji ukiitwa Léopoldville, kulikuwa na Bills, vijana waliotazama filamu za kauboi, wakajifananisha na Buffalo Bill, wakavaa kama yeye na kutengeneza lugha yao, Hindubill. Nao walipigana mtaa kwa mtaa, nao waliogopwa, na wasichana wa mitaa waliumia mikononi mwao. Baadaye likaja jina la shege, mtoto wa barabarani. Halafu kuluna. Kila kizazi cha vijana wasio na kazi kinapewa neno, na mji unaliona kama ugonjwa mpya.

Nilimuuliza mzee neno likishampata mtu, hufuata nini. Akavuta pumzi. "Likofi," akasema.

Likofi kwa Lingala ni ngumi. Ndilo jina la operesheni ya polisi iliyoanza Kinshasa tarehe 15 Novemba 2013 kuwaondoa bakuluna mjini. Mzee alisema siku alipoisikia kwenye redio alifurahi, akamkumbuka binti yake. Halafu hesabu zikaanza kutoka. Oktoba 2014 ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti juu ya watu waliouawa na waliotoweka, na serikali ikamfukuza mkuu wa ofisi hiyo nchini. Mwezi uliofuata Human Rights Watch ikasema imethibitisha kwamba vijana na wanaume wasiopungua 51 waliuawa na wengine 33 walitoweka. Polisi walikuja usiku wamefunika nyuso, bila karatasi ya hakimu. Kati ya waliochukuliwa wapo ambao hawakuwa na genge lolote. Walikuwa wamekaa mahali pabaya, au jirani alikuwa amewataja.

Aliposema "jirani alikuwa amewataja" nilitazama chini. Mzee alikuwa anajua habari za daftari langu. Makazi yetu ni madogo kwa habari kama hizo.

Miezi michache baada ya ngumi ya Kinshasa kuanza, ng'ambo ya mto Brazzaville walianza na kofi. Aprili 2014 serikali ya huko ilianzisha operesheni iliyoitwa Mbata ya Bakolo, yaani kofi la wakubwa. Walisema ni kupambana na uhalifu, na wahalifu wenyewe walisemwa ni bakuluna waliotoka ng'ambo. Lakini waliovuka mto kurudi Kinshasa walikuwa zaidi ya watu 130,000. Hakuna mji wenye bakuluna 130,000. Waliorudi ni mama wa sokoni, mafundi, watoto wa shule, watu waliokuwa wameishi kule miaka mingi. Neno la kijana mmoja mwenye panga lilikuwa limenyooshwa mpaka likafunika kila aliyesema Lingala ya upande mwingine. Na Angola, kule neno lilikozaliwa, Oktoba 2018 iliwatoa Wakongo kwenye maeneo ya almasi. Mamia ya maelfu walirudi Kasai kwa miguu na kwa malori, ndani ya wiki chache, wamepanga mstari mpakani na mizigo kichwani. Nilipoona picha zile niliwaza, hii ndiyo kuluna ya mzee, inarudi nyuma.

Mwaka 2024, mwezi wa tatu, Kinshasa iliondoa zuio la kunyonga watu lililokuwepo tangu 2003. Kati ya makosa yaliyotajwa kulikuwa na ujambazi wa mijini unaosababisha kifo. Kwa hiyo leo, kule nyumbani, kuitwa kuluna si tusi tu.

Lipo jambo lingine ambalo linanifanya nisikate tamaa kabisa. Kuanzia 2020 vijana waliokamatwa kama bakuluna walianza kupelekwa Kaniama-Kasese, kwenye kambi ya utumishi wa taifa, kulima mahindi na kufundishwa ufundi. Wakifika kule hawaitwi tena bakuluna. Wanaitwa bâtisseurs, wajenzi. Wapo wanaosifu kambi ile na wapo wanaoilaumu kwa sababu wengine walipelekwa bila kesi, na mimi nadhani wote wawili wana hoja. Nachokiona ni hiki: hata serikali inajua kwamba ukitaka mtu afanye kitu kingine, lazima kwanza umwite kwa jina lingine.

Kabla ya kuwalaumu watu wa Lingala, tutazame Kiswahili chetu. Sisi kila siku tunasema mhuni, uhuni, wahuni wale. Lakini zamani mhuni hakuwa lazima mtu mbaya. Alikuwa mtu asiye na makao, mtembezi, asiye na mke wala ndugu wa kumdhamini. Wakati wa Waingereza, Dar es Salaam, vijana waliotoka vijijini kutafuta kazi waliitwa wahuni, wakakamatwa na kurudishwa walikotoka. Kosa lao la kwanza lilikuwa kuwepo mjini bila kazi. Ubaya uliingia kwenye neno baadaye, ukakaa mpaka tukasahau maana ya kwanza. Kwa maana hiyo ya zamani, sisi wote tunaoishi hapa kwenye mahema na nyumba za tope ni wahuni. Hatuna kwetu. Na Waganda nao wana neno lao, bayaye, nimelisikia likisemwa kwa vijana wetu wakipita tu barabarani.

Nikaona jinsi njia ya maneno haya inavyofanana. Mtu anatoka kwao, anapewa jina la kutembea, na jina la kutembea linageuka jina la panga. Halafu linakuja neno jingine kwa wengine.

Baada ya siku tatu nilimpelekea Mdogo jibu. Nilimweleza Angola, almasi, mstari wa usiku, Kinshasa, yote. Alisikiliza vizuri, maana ni mtoto anayependa hadithi. Mwisho akauliza, "Sasa mi niko kwenye sehemu gani?" Sehemu gani ya hadithi, yaani. Nikamwambia hayupo. Akasema, "Lakini uliniweka."

Hapo ndipo niliamka kwenda kwa mama wa ndagala. Ndugu msomaji, nisikilize vizuri, maana hapa ndipo aibu yangu ilipo. Wiki sita zilikuwa zimepita tangu akatwe, na mimi sikuwa nimemuuliza chochote. Nilimkuta nje anapepeta ndagala kwa mkono mmoja, ule mwingine ameuweka mapajani.

"Mama, ile usiku, uliona nini?"

Akaacha kupepeta. "Nilimuona mutu moja. Alikuwa peke yake. Mufupi, munene, alivala gambuti. Haikuwa mutoto, papa. Ilikuwa mutu mukubwa, sauti yake ya baba mutu muzima."

"Hawakuwa vijana? Hawakuwa kundi?"

"Kundi gani? Mutu moja."

"Mbona hukusema kwenye mkutano, mama?"

Akanitazama kama ninavyomtazama mtoto anayeuliza kwa nini maji ni maji. "Mukutano mulifanya mi niko kwa kituo cha afya. Nilirudi, nikasikia banasema ni bakuluna, bamekamatwa. Hakuna mutu aliniulizaka."

Aliyeona ni mmoja tu kati yetu sote, na siku ile alikuwa kitandani anashonwa. Sisi wengine chini ya mti hatukuona kitu. Tulikuwa na neno, na neno lilijaza ukurasa wote, tukaona kazi imekwisha. Hakuna aliyeuliza mtu mfupi mwenye gambuti yuko wapi, maana tayari tulikuwa na vijana saba warefu wembamba. Wiki sita mtu yule alitembea salama, na nani anajua kama hakununua ndagala kwa mama yule yule. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nilifikiri lile neno linamlinda mama. Kumbe lilimficha aliyemkata.

Nilikwenda naye kwa mwenyekiti. Mwenyekiti ni mtu mwema lakini anachoka. Alisema ukurasa ule hauwezi kufutwa, nakala ilishakwenda kituoni. Tukaandika ukurasa mwingine. Safari hii niliandika alichosema mama, kama alivyosema, saa, mahali, mavazi, sauti. Mama akasaini kwa mkono wa kulia, mwenyekiti akapiga muhuri, tukapeleka. Wakaupokea. Mtu mwenyewe hajapatikana mpaka leo, muda ulikuwa umeshapita. Na majina saba bado yako kule, kwenye faili ambalo sijui limewekwa wapi, chini ya neno nililolipigia mstari mara mbili.

Nikasema nitakwenda kuomba msamaha, na kwetu mtu haendi peke yake. Nilimwomba mzee wa Kikwit anisindikize. Nilinunua kuku. Mama yake Mdogo alitukaribisha, akatupa viti, akampokea mzee kwa heshima, mimi akanipa mkono bila kunitazama. Mzee aliongea kwanza. Halafu nikasema mwenyewe: niliandika jina la mtoto wako bila kosa, chini ya neno nisilolijua. Nilipata shida kulisema, ingawa ni maneno machache.

Mama alinyamaza muda. Kuku alikuwa anahangaika pale chini, miguu imefungwa.

Ningependa kusema kwamba yote yameisha vizuri, lakini hapana. Kwenye ukuta wa kibanda cha video vijana wameandika kwa mkaa KULUNA BASE. Wanaitana hivyo kwa utani, "kuluna wangu, sema!" Neno likishakukaa mwilini, afadhali ulivae mwenyewe kama shati kuliko wengine wakuvishe. Mmoja kati ya wale saba, ambaye kabla ya hapo hakuwa na kosa ninalolijua, mwaka huu alikamatwa kweli na simu ya mtu. Siwezi kusema ni sababu ya daftari langu. Siwezi pia kusema si sababu yake. Mdogo amerudi kwenye timu, anacheza kushoto sasa, maana mguu wa kulia haumpi tena mbio zile.

Nikiitwa kuandika mkutanoni sasa, nachora ukurasa kabla sijakaa: nani aliona, aliona nini, wapi, saa ngapi. Mtu akisimama akasema "ni bakuluna", au "ni wahuni", au "ni wale Warundi", "ni wale Banyamulenge", "ni Wasomali", maana kila wiki neno hubadilika, namwomba aniambie kwanza aliona nini. Wengine wanakasirika. Wanasema ninajifanya mwanasheria. Kuna mkutano mmoja ukurasa ulibaki mtupu mpaka mwisho, watu thelathini wamesema na hakuna aliyeona. Nao ule ukurasa mtupu nimeuweka.

Siku ile ya kuku, kabla hatujaondoka, mama yake Mdogo alisema neno moja tu. Alisimama mlangoni, akaniuliza mbele ya mzee:

"Sasa afande akikuuliza tena kuluna ni nini, utamujibu namna gani?"

Nikamwambia, "Nitasema sijui, mama. Nitamwambia twende kwanza kwa aliyekatwa."

Akaitika kwa kichwa. Akainama, akamfungua kuku miguu, akamwachia atembee uani.